Afya Yako: Ugonjwa wa Crohn Wahitaji Tiba Kali Mapema

Ugonjwa wa Crohn hushambulia njia ya chakula, mara nyingi mwisho wa utumbo mwembamba. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na viini, huugeukia utumbo na kuufanya uvimbe. Mgonjwa huharisha kwa wiki nyingi, huumwa na tumbo, hukonda na kuishiwa nguvu. Ugonjwa huu hauambukizi.

Kwa miaka mingi tiba ilipanda ngazi polepole: steroidi kwanza, kisha dawa zenye nguvu zaidi ugonjwa uliporudi. Tatizo ni kwamba uvimbe unaorudi mara kwa mara huacha makovu. Njia ya chakula huwa finyu au utumbo hutoboka, na sehemu yake hulazimika kukatwa. Makovu yakishakomaa, dawa hazirudishi utumbo ulivyokuwa.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia wagonjwa 386 waliogunduliwa karibuni. Baadhi yao walianzishiwa mapema infliksimabu, dawa inayotiwa kupitia mshipa, pamoja na tembe za kutuliza kinga. Wengine walipandishwa ngazi kama kawaida. Baada ya wiki 48, asilimia 79 ya waliotibiwa kwa nguvu mapema walikuwa wametulia bila kurudia steroidi wala kufanyiwa upasuaji. Kwa kundi la pili, ni asilimia 15 pekee.

Hata hivyo, tiba hii si ya kukimbilia. Kwa kuwa hupunguza kinga, inaweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha mwilini. Tena kifua kikuu cha tumbo hufanana sana na Crohn, na kukosea kati ya hayo mawili ni hatari. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza.

Mgonjwa na jamaa zake wamuulize daktari: Je, kifua kikuu kimeondolewa shaka? Je, kuna dalili kwamba ugonjwa utakuwa mkali? Dawa itagharimu kiasi gani, na bima italipa nini?

Mkazi anayeharisha zaidi ya wiki nne, anayepungua uzani au kuona damu kwenye choo asiendelee kununua dawa dukani. Afike kituo cha afya kilicho karibu apimwe na, ikibidi, apewe rufaa.