Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Wajibu wa Hospitali Iliyo Karibu na Mgonjwa

Mama wa miaka 42, mkazi wa Mlandizi, anafika kliniki ya kisukari katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha. Mama huyu ni wa mfano tu, lakini wahudumu wengi watamtambua. Ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la juu la damu. Urefu wake ni mita 1.60 na uzito wake kilo 102. Uzito ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe (1.60 × 1.60 = 2.56), hupatikana 39.8. Kuanzia 30, hali hiyo huitwa kiribatumbo. Mama anauliza: je, anaweza kufanyiwa upasuaji hapahapa?

Nani anafaa?

Vigezo vya mwaka 1991 vilihitaji uwiano wa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yatokanayo na uzito. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji vilipendekeza upasuaji kuanzia 35 hata pasipo maradhi mengine, na ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Mama wa Mlandizi anafaa.

Njia zilizopo

Puto huingizwa tumboni kupitia mdomoni, bila kupasua, na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Uzito unaweza kurudi. Katika upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, zaidi ya robo tatu ya tumbo hilo huondolewa, wala haliwezi kurudishwa. Katika upasuaji wa mchepuko, hubakizwa kifuko kidogo kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo. Hospitali ya Taifa Muhimbili–Mloganzila, iliyo jirani na Kibaha, imekuwa ikitoa huduma ya puto na ya upasuaji.

Hospitali inayotaka kupasua yapasa iwe na mpasuaji aliyebobea, mtaalamu wa usingizi aliyezoea wagonjwa wanene, meza inayohimili uzito, chumba cha uangalizi maalumu, na uwezo wa kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji hata usiku wa manane. Kimojawapo kikikosekana, rufaa ndiyo huduma salama.

Kazi ya hospitali ya karibu

Kabla ya rufaa, sukari na shinikizo la damu vidhibitiwe, tumbaku iachwe, na mgonjwa aulizwe kuhusu kukoroma na kukatika pumzi usingizini, sonona, na mpango wa kupata mtoto.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hurejea nyumbani, na hapo ndipo hatari hupita bila kutambuliwa. Mhudumu wa Mlandizi au Kisarawe akumbuke yafuatayo:

1. Katika wiki za mwanzo, mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo au kuhema kwa shida huweza kuashiria kuvuja kwa mshono. Asipewe dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Apelekwe haraka kwa wapasuaji.
2. Anayetapika kwa siku kadhaa apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, la sivyo ubongo huweza kudhurika.
3. Insulini na glibenklamaidi huhitaji kupunguzwa mapema, kwani sukari huweza kushuka ghafla.
4. Diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, hasa baada ya mchepuko, kwa sababu huleta vidonda.
5. Mimba iahirishwe kwa miezi 12 hadi 18. Baada ya mchepuko, vidonge vya uzazi wa mpango huweza kutofyonzwa vyema. Sindano au kipandikizi hufaa zaidi.
6. Madini ya chuma, kalsiamu, vitamini B12 na D hutumiwa maisha yote, na damu hupimwa angalau mara moja kwa mwaka.

Neno kwa mgonjwa

Mgonjwa anayefikiria upasuaji aulize gharama, na pia aulize nani atakayempokea akitapika usiku akiwa nyumbani. Aombe muhtasari wa maandishi unaotaja aina ya upasuaji na tarehe yake, aubebe kila aendapo hospitali. Karatasi hiyo moja yaweza kumwezesha mhudumu asiyemfahamu kuokoa maisha yake.