Fedha za Wazee Wakati wa Korona: Jawabu ya Swali



Katika darasa yetu alisimama kijana wa Garissa aliyehamia huku pwani, akauliza: babake alikuwa katika wazee wapewao na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee akafariki mwanzo wa mwaka 2020, na wao hawakupeleka khabari. Yalipoingia maradhi ya korona, fedha zikaendelea kuja kwa jina lake, na nyumba ikazila. Je, ni halali? Baadhi ya waliohudhuria wakacheka, wakasema mali ya serikali haina mwenyewe. Neno hili ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza na tujue mali yenyewe. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ya kuwa mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatotozwa kodi ya mapato. Kodi ya ongezeko la thamani ikashushwa toka asilimia 16 hadi 14 (ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021), na kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo toka 3 hadi 1. Zikaongezwa shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wanyonge wengine. Baadaye ikaja dhamana ya mikopo ya mabenki kwa wenye biashara ndogo, ambayo mwenye kuogopa riba aliitazama kwa mbali.

Sasa itazame Garissa. Muuza maziwa ya ngamia hana mshahara ulioandikwa popote. Asamehewe kodi gani? Mchuuzi wa mbuzi alitegemea Nairobi, na watu wakakatazwa kuingia na kutoka huko tangu tarehe 6 Aprili. Tarehe 6 Mei ukafungwa mtaa wa Eastleigh, pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa. Nasi twaikumbuka Ramadhani ile. Watu hawa msamaha wa kodi hauwafikii. Kiwafikiacho ni fedha za mkononi, nazo humwendea aliyemo daftarini. Hata mpango wa kukinga njaa ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Garissa, jirani yao, haikuwamo hapo mwanzo.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliweka diwani, yakaandikwa majina ya watu na haki zao. Na katika mwaka wa Ramada, mwaka 18 Hijria, ardhi ilipokauka, aliakhirisha kukusanya zaka ya wanyama, akaagiza chakula toka Sham, na mwenyewe akajizuia na samli. Mwenye mifugo alipewa muhula, na asiye na kitu akapelekewa chakula. Hakuachwa mmoja kwa ajili ya mwengine.

Ama jawabu ni hii. Alizopokea marhumu akiwa hai ni zake, na zilizobaki hurithiwa. Zilizokuja baada ya kufa kwake si mirathi, kwani alipewa kwa uhai wake na uzee wake, na mambo hayo hayarithiwi. Aliyekula bila ya kujua hana dhambi, lakini deni analo. Na mzee wa mtaa anayeandika jamaa zake akawaacha wanaostahiki, lake ni kubwa zaidi, maana yeye anajua.

Basi kijana na aende ofisini na cheti cha kifo, jina lifutwe, aeleze ni miezi mingapi, arudishe. Asipoweza kwa mara moja, aombe kulipa kidogo kidogo, wala asingoje kuulizwa.