Mada ya 7: Machipukizi ya Mgomba na ya Miti Mingine ya Matunda Nyumbani

Mada hii inaunganisha mambo mawili uliyoyasoma kando kando: uzazi wa mimea usiotumia mbegu, na utunzaji wa mazao ya matunda. Yakiwekwa katika swali moja, watahiniwa hukimbilia jibu la mkato: "Machipukizi yaondolewe yote kwa sababu yanashindana na mmea mama kwa chakula." Sentensi hiyo ina nusu ya ukweli. Mwenye migomba akiifuata ilivyo, atavuna mkungu mmoja kwa kila mgomba, kisha atabaki na uwanja mtupu.

Kabla ya kuandika jibu lolote kuhusu chipukizi, jiulize: Limetoka sehemu gani ya mmea? Je, sehemu hiyo ni ya mmea ninaoutaka? Je, kuna nafasi, maji na mbolea ya kulilisha? Ukishajibu hayo, ndipo utajua kama liachwe, ling'olewe, au lihamishwe likapandwe mahali pengine.

Mgomba si mti

Tunazoea kuuita mti, lakini mgomba hauna shina la mbao. Kile kinachosimama juu ya ardhi ni shina bandia, yaani sehemu za chini za majani zilizokumbatiana tabaka kwa tabaka. Likate kwa panga uone duara ndani ya duara, kama kitunguu. Shina la kweli liko chini ya udongo, nalo huitwa tunguu. Tunguu lina macho, na kila jicho linaweza kuchipua. Kinachotokeza ardhini kando ya mama ndicho chipukizi.

Shina moja la mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Hakuna mbolea wala maji yatakayolifanya lizae mara ya pili. Kwa hiyo mgomba unaouona nyuma ya nyumba ya bibi tangu ukiwa mtoto si shina lile lile. Ni watoto, wajukuu na vitukuu waliofuatana mahali pamoja.

Ndizi tunazokula hazina mbegu zinazoota, hivyo chipukizi ndilo njia ya kawaida ya kuzalisha mgomba. Chipukizi lina jeni zile zile za mama: Kisukari hutoa Kisukari, Mzuzu hutoa Mzuzu. Hiyo ni faida, maana mkulima anajua atakachovuna. Hasara ni kwamba migomba yote inayofanana kwa jeni hufanana pia kwa udhaifu; ugonjwa unaoweza kuua mmoja unaweza kuua yote. Hapa uwe makini na maneno yako. Usiandike kwamba chipukizi "hurithi ugonjwa". Linachorithi ni udhaifu. Ugonjwa wenyewe na wadudu hubebwa ndani ya tunguu na udongo ulioshikamana nalo.

Machipukizi ya aina mbili

Chipukizi bora lina majani membamba yaliyochongoka kama sime, na kitako kinene. Limeungana vizuri na tunguu la mama, linapata chakula kutoka kwake, na huweka akiba katika tunguu lake lenyewe kabla ya kutoa majani mapana. Aina ya pili hutoa majani mapana likiwa bado dogo. Kitako chake ni chembamba na muungano wake na mama ni dhaifu, hivyo hulazimika kujitafutia chakula mapema. Mara nyingi aina hii huota kwenye tunguu la zamani, hasa la mgomba uliokwisha kuvunwa. Likiachwa likue, huchelewa na hutoa mkungu mdogo.

Macho yanadanganya hapa. Mtu asiyejua huona majani mapana ya kijani akadhani ndiyo dalili ya afya, akang'oa lile jembamba. Katika mtihani wa vitendo ukiwekewa vielelezo viwili, anza kutazama kitako, kisha jani.

Mama, mtoto na mjukuu

Kanuni inayofundishwa na maofisa ugani ni kubakiza mashina matatu katika kila kichaka cha mgomba: mama mwenye mkungu au anayekaribia kuchanua, mtoto mmoja anayefuata, na mjukuu mmoja ambaye bado ni mdogo. Mengine yote huondolewa.

Kwa nini matatu, na yasiwe saba? Tufanye hesabu. Bustani ya nyumbani yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9 ina eneo la mita za mraba 108. Migomba ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kila mmoja hupewa mita za mraba 9, kwa hiyo bustani hubeba vichaka 12. Kila kichaka kikiwa na mashina matatu, bustani ina mashina 36. Ukiacha saba kwa kila kichaka, utakuwa na mashina 84 yanayonywa maji yale yale na kula samadi ile ile. Mashina yanaongezeka, lakini mikungu inakuwa miepesi, chane zinapungua, na vidole vinakonda. Kivuli nacho kinakuwa kizito mno na unyevu haukauki.

Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau, ni umri. Mashina matatu hayatoshi yenyewe. Lazima yapishane umri. Ukibakiza watoto watatu waliochipua mwezi mmoja, watachanua karibu pamoja. Familia itakuwa na ndizi za kumwaga kwa wiki chache, nyingine zitaiva na kuozea nyumbani, kisha itangoja miezi mingi bila mkungu hata mmoja. Wakipishana, mama anapokatwa mtoto yuko njiani na mjukuu anamfuata. Kwa kaya inayotegemea ndizi kwa chakula, kama zilivyo nyingi Kagera, Kilimanjaro na Rungwe, kupishana huko kwa umri ndiko kunakoamua kama jikoni kuna ndizi au lazima kununua unga. Ukikitaja kipengele hiki katika jibu lako, mtahini ataona kwamba umeelewa sababu ya kanuni.

Mtoto achaguliwe upande gani? Chagua lenye majani membamba, lililotoka chini zaidi udongoni, na upande ulio wazi. Vichaka vyote vya mstari mmoja vifuate upande ule ule, kwani kila kizazi husogea kidogo kutoka pale mama aliposimama. Mmoja akienda mashariki na jirani yake magharibi, baada ya vizazi vichache watakutana katikati. Mahali penye ukame mkali na pasipo na maji ya kumwagilia, kubakiza mama na mtoto tu kunakubalika.

Namna ya kuondoa

Kufyeka majani ya chipukizi kwa panga hakuliui. Sehemu inayokua iko chini, karibu na tunguu, nayo itasukuma majani mapya baada ya siku chache. Kata chipukizi usawa wa ardhi, kisha tumia ncha ya mtaimbo au kisu kirefu kuchimbua kiini kilicho katikati. Fanya hivyo chipukizi likiwa bado dogo, kabla halijanyonya chakula kingi, na usitikise tunguu la mama. Rudia kila baada ya miezi miwili hivi. Wakati wa mvua machipukizi huongezeka, basi pita mara nyingi zaidi.

Chipukizi zuri lenye kimo cha nusu mita hadi mita moja lisitupwe. Chimba kando yake, litenganishe na mama kwa pigo moja la mtaimbo au panga kali, ulitoe na tunguu lake zima. Fukia shimo lililobaki ili mizizi ya mama isikae wazi.

Kabla ya kulipanda, kata mizizi yote na menya tunguu hadi libaki jeupe. Ukiona vijia vyeusi au vya kahawia ndani yake, hiyo ni kazi ya fukusi wa mgomba, ambaye viwavi wake hutoboa tunguu. Lenye vijia vingi litupwe. Lililo safi litumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, kisha litoe. Muda huo ni mfupi lakini unaua minyoo fundo na mayai ya fukusi yaliyo karibu na uso wa tunguu, bila kupika tunguu lenyewe. Lipande katika shimo la sentimita 60 kila upande, lililochanganywa udongo wa juu na samadi iliyooza.

Ugonjwa unaosafiri na chipukizi

Mnyauko bakteria wa migomba unasababishwa na bakteria wa jenasi Xanthomonas. Uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na baadaye ukaingia mkoa wa Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na rangi ya kutu, na shina likikatwa hutoa ute wa manjano kama usaha. Hauna dawa ya kutibu.

Hatari yake kwa mada yetu ni hii: chipukizi linaweza kuonekana zima kabisa na huku limebeba bakteria. Kwa hiyo usichukue mbegu katika kichaka chenye mgomba mmoja mgonjwa, hata kama ndugu au jirani amekupa kwa moyo mweupe. Panga nalo hueneza. Mtu anayepunguza machipukizi kwenye vichaka 12 kwa panga moja anaweza kuambukiza vyote asubuhi moja. Panga lichomwe kwenye moto au lisafishwe kwa dawa yenye klorini kabla ya kuhamia kichaka kingine. Ua dume linaloning'inia chini ya mkungu nalo huondolewa baada ya chane ya mwisho kujitokeza, kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kwa sababu wadudu wanaolitembelea hubeba bakteria.

Machipukizi ya miti ya kubebesha

Mchungwa, mwembe na mparachichi wa kubebesha ni mimea miwili katika mwili mmoja. Chini ya kiungio kuna mche uliochaguliwa kwa mizizi yake imara. Kwa mchungwa mara nyingi ni mlimau. Juu ya kiungio kuna kikonyo cha aina inayotakiwa kwa matunda yake. Chipukizi lililotoka chini ya kiungio si mtoto wa mchungwa. Ni mlimau unaorudi.

Hapa jibu halina masharti: liondolewe kila linapotokea. Mche wa chini una nguvu, na ukiachiwa utakipita kikonyo na kukinyima chakula hadi kife. Watu wengi hushangaa mchungwa wao "umegeuka" mlimau. Haukugeuka, mchungwa ulikufa na mlimau ukabaki. Dalili ni miiba mingi zaidi na majani ya umbo tofauti na yale ya juu. Bandua chipukizi kwa kidole likiwa bado laini, maana ukikata na kuacha kisiki litachipua tena, pengine matatu badala ya moja.

Chipukizi lililo juu ya kiungio ni la aina uliyoitaka. Lile linalopanda wima kwa kasi katikati ya mti huondolewa ili mwanga uingie, ila moja laweza kuachwa lizibe pengo la tawi lililovunjika.

Mifano mingine ya haraka

Nanasi: baada ya kuvuna, bakiza chipukizi moja lenye nguvu kwa kila mmea ili litoe tunda la pili, mengine yapandwe. Chipukizi la shinani huzaa mapema kuliko taji la tunda.

Mshelisheli: katika Zanzibar na pwani kwa jumla, mashelisheli mengi hayana mbegu, hivyo maotea ya mizizi huchimbwa na kuhamishwa. Hapa chipukizi ni mali.

Mpapai usiutaje. Kwa kawaida huzalishwa kwa mbegu.

Swali la mfano

Kichaka cha mgomba kina shina moja lenye mkungu mchanga na machipukizi manane. Mawili yana majani membamba, moja likiwa na kimo cha mita moja na nusu na jingine sentimita 40. Sita yana majani mapana na vitako vyembamba. (a) Mshauri mwenye kichaka. (b) Toa sababu mbili.

Jibu dhaifu: "Aondoe machipukizi sita na kubakiza mawili ili ndizi ziwe kubwa." Idadi ni sahihi, lakini halisemi yapi wala kwa nini.

Jibu bora: "(a) Abakize shina lenye mkungu kuwa mama, chipukizi la mita moja na nusu kuwa mtoto, na la sentimita 40 kuwa mjukuu. Aondoe yote sita yenye majani mapana kwa kuyakata usawa wa ardhi na kuchimbua kiini, akitumia kifaa kilichosafishwa. (b) Yenye majani mapana yana muungano dhaifu na mama, hivyo hutoa mikungu midogo huku yakishindania maji na virutubisho. Mawili yaliyobaki yana umri tofauti, kwa hiyo mavuno yatafuatana bila pengo refu."

Jipime

1. Eleza kwa nini kufyeka majani ya chipukizi la mgomba hakutoshi kuliondoa. (alama 2)

2. Mchungwa wa kubebesha umetoa machipukizi mawili, moja sentimita 10 chini ya kiungio na jingine sentimita 10 juu yake. Utafanya nini na kila moja, na kwa nini? (alama 6)

3. Bustani ina urefu wa mita 15 na upana wa mita 6. Kokotoa idadi ya vichaka vya migomba kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, na idadi ya mashina yatakayobaki baada ya kupunguza machipukizi. (alama 4)

4. Jirani anakupa machipukizi matano. Taja mambo manne utakayoyachunguza au kuyafanya kabla ya kuyapanda. (alama 8)