Sauti Moja, Watu Saba: Uigizaji wa Sauti kwa Kijana wa Madibira

Katika kila mchezo wa redio yupo mhusika mkuu mmoja au wawili, halafu wapo wengine: nesi wa zamu, konda, mwenyekiti wa kitongoji, shangazi mwenye maneno mengi, mlevi anayepita nje ya dirisha akiimba. Kijana anayetamani kuigiza huwaza ile nafasi ya kwanza. Mimi namwelekeza kwenye hizi nyingine, kwa kuwa ndiko kazi iliko nyingi, na ndiko mtu anakoweza kudumu mpaka uzeeni. Mel Blanc wa Marekani, aliyefariki mwaka 1989, ndiye aliyekuwa sauti ya Bugs Bunny, Daffy Duck, Porky Pig na wengine wengi wa katuni. Waliomsikia tangu utotoni wangeweza kupishana naye barabarani wasimtambue. Kwetu, waliokulia mbele ya Redio Tanzania Dar es Salaam wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, wanamkumbuka Mzee Jangala, na wengi wao sura hizo hawakuziona.

Naandika kwa kijana aliye Madibira, au jirani yake wa Rujewa na Mafinga, mwenye simu ya kurekodia na asiye na nauli ya kwenda Dar es Salaam kila mwezi. Mengi ya kazi hii unaweza kuyajifunza hapo hapo ulipo. Baadhi yake utayajifunza vizuri zaidi hapo kuliko mjini.

Anza na sikio. Kilimo cha mpunga kimekusanya Madibira watu wa kila upande: Wasangu wenyewe, Wahehe na Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na mifugo yao, wanunuzi wa mchele kutoka mjini. Wote wanazungumza Kiswahili, na kila mmoja ana namna yake. Nenda kwenye mashine ya kukoboa wakati wa mavuno, siku yenye foleni, ukae. Sikiliza jambo moja tu kwa siku. Leo sikiliza pumzi: nani anavuta hewa kabla ya kusema, nani anaishiwa katikati ya sentensi, nani anaguna kwanza. Kesho sikiliza mwendo. Keshokutwa sikiliza ukimya, maana mama anayedai deni hunyamaza kwa namna yake, na baba anayedaiwa kwa namna nyingine kabisa. Andika kwenye daftari kwa maneno yako mwenyewe: "anameza mwisho wa sentensi", "anacheka kabla ya kukataa".

Lafudhi iache iwe ya mwisho. Wachekeshaji wetu huikimbilia mapema mno, na matokeo yake Msukuma anafanywa mshamba, Mmasai anakuwa mlinzi wa getini, Mhehe anakuwa mtu wa hasira tu, basi. Ni dharau kwa majirani zako, na ni uigizaji dhaifu vilevile, kwa sababu msikilizaji anapata kabila badala ya kupata mtu. Bibi wa Kihehe anayeamkia "kamwene" ana mambo mia moja ndani yake kabla hujafika kwenye lafudhi: umri, uchovu, heshima anayoidai, mzaha anaouficha. Ukitaka kumrekodi akisimulia ili ujifunze, mwamkie, mweleze unachofanya, omba ruhusa. Usimrekodi mtu kwa siri.

Ukishasikiliza, rudi kwenye mwili wako. Sauti inaweza kukaa kifuani, kooni, puani au juu kichwani, na kila mahali panatoa mtu tofauti. Soma sentensi moja, mathalani "Maji yamefika mfereji wa pili", ukiiweka sehemu zote nne. Kisha acha sauti ilipo na ubadili kinywa: meno yakutane, mdomo ulegee upande mmoja, ulimi uzembee. Kisha badili uzito wa mwili. Mzee usimtafute kwa kutetemesha sauti. Kaa kama yeye, mkono kwenye fimbo, kifua kimeinama, halafu useme. Sauti itafuata mwili. Wahusika uliowapata waandikie kila mmoja sentensi yake ya kumwita, ile ambayo ukiitamka tu anarudi mzima mzima. Mtu mwenye wahusika saba wanaosimama imara, wasiochanganyika hata wakigombana wao kwa wao, tayari ana kitu cha kupeleka kwa mtayarishaji.

Hapa lazima niseme habari ya koo, na kwa watu wa mpunga naisema kwa msisitizo. Wengi wetu tumejifunza kupaza sauti tukiamia ndege shambani, kutwa nzima, jua kali, bila maji ya kutosha. Anayeamia kwa kukaza koo hukauka sauti kabla ya jioni. Anayesukuma hewa kutoka tumboni, koo likiwa limelegea, anafika mbali zaidi na kesho yake bado anaongea. Lala chali, weka kitabu tumboni, pumua mpaka kitabu kinapanda na kushuka, kisha simama na useme kwa pumzi hiyo hiyo. Mhusika anayekwaruza koo, kama jini au mlevi, mrekodi mwisho wa siku, na kwa muda mfupi. Lupita Nyong'o, Mkenya aliyeigiza sauti ya roboti Roz kwenye filamu ya katuni The Wild Robot ya mwaka 2024, ameeleza kwamba kazi hiyo ilimletea uvimbe kwenye nyuzi za sauti na akalazimika kuipumzisha. Huyo ni mtu aliyesomea uigizaji chuo kikuu na mwenye wataalamu karibu. Wewe ukikwaruzika, nyamaza. Kunong'ona si kupumzika, kunaweza kuumiza vilevile. Sauti isiporudi baada ya wiki mbili au tatu, nenda hospitali.

Sasa uigizaji wenyewe. Mfano ninaourudia siku zote ni Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza kurushwa Julai 1993. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila anakopita, na mkewe Tunu, ambaye alimvumilia mpaka siku moja akaamua kusimama kwa miguu yake. Huku kwetu, ambako malori ya kwenda na kutoka Tunduma hayakomi kupita Mafinga na Igawa, Mkwaju hakuhitaji maelezo. Mchezo ulikuwa na kazi ya kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, na ulipimwa kweli: kwa miaka miwili ya mwanzo haukurushwa Dodoma, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Walikuta tofauti.

Funzo kwa mwigizaji ni hili: Mkwaju alipaswa kupendeza. Angesemwa kwa sauti ya mtu mbaya tangu siku ya kwanza, msikilizaji angejitenga naye mapema na kusema, huyu si mimi. Kwa hiyo ukipewa mlevi, mwizi wa maji ya mfereji, au bwana shamba mla rushwa, usimhukumu kwa sauti yako. Tafuta anachotaka, na sababu inayomfanya ajione ana haki. Mwizi wa maji ana mpunga unaokauka.

Mbele ya maikrofoni umbali ndio jukwaa lako. Ukisogea karibu, unasema siri. Ukirudi nyuma na kugeuza uso pembeni, uko ng'ambo ya uwanja unaita. Mhusika anayeingia chumbani aanze kusema akiwa mbali, asogee akiendelea kusema. Karatasi zitenganishwe moja moja ili zisilie. Na usisome: hata kama maneno yako mbele yako, mtazame unayeongea naye, au mfikirie pale alipo.

Kuingiza sauti kwenye tamthilia za nje ni kazi nyingine, na kwa sasa ndiyo inayofungua milango mingi. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa kwa Kiswahili. Baadaye StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili, na Watanzania walioshinda walikwenda kufanya kazi Beijing. Azam TV nayo inaonyesha tamthilia za Kituruki zinazozungumza Kiswahili. Shida ya kwanza utakayokutana nayo ni urefu: Kiswahili mara nyingi huhitaji silabi nyingi kuliko lugha ya asili, na mdomo kwenye kioo haukusubiri. Shida ya pili ni midomo. Kwenye m, b na p midomo hufunga, na mtazamaji anaona ikiwa mwigizaji amefunga midomo wakati wewe unasema "a". Maneno yetu kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo sentensi yako huelekea kumalizika mdomo wazi. Mwenzako kwenye kioo akimaliza amefunga, ikatishe irabu hiyo mapema. Panga upya maneno bila kupotosha maana: "nakuomba uondoke" linaweza kuwa "ondoka, tafadhali" na likakaa sawa.

Zoezi lake liko kwenye banda umiza lolote. Miaka mingi watu wamekaa kwenye mabanda hayo wakimsikiliza Lufufu, mtu mmoja aliyeifasiri filamu nzima, wanaume kwa wanawake, kwa sauti yake peke yake. Chukua dakika mbili za filamu, zima sauti, igiza kila mtu. Fanya hivyo kwa mazoezi tu. Kuuza filamu ya mtu mwingine uliyoifasiri bila ruhusa ni kosa la hakimiliki. Na jifunze Kiswahili sanifu hata kama wahusika wako ni wa mitaani, maana kazi za watoto na za elimu, kama Ubongo Kids iliyoanza TBC mwaka 2014, zinataka matamshi safi. Ukichanganya l na r bila kujijua, rekebisha. Ukichanganya kwa makusudi kwa ajili ya mhusika, huo ni ufundi.

Kurekodi nyumbani kunawezekana. Chagua chumba kidogo chenye godoro, ning'iniza mablanketi kwenye kuta mbili, kaa katikati. Bati likinyeshewa hakuna kazi, na mashine za kukoboa zikianza hakuna kazi, kwa hiyo rekodi alfajiri. Zima mtandao wa simu, uiweke kama shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili hewa ya p na b isiipige. Rekodi dakika nzima ya ukimya kwanza, uisikilize kwa spika za masikioni. Utashangaa kelele zilizomo.

Sampuli yako isizidi dakika moja na nusu. Anza na sauti yako ya kawaida kwa sekunde kumi, kisha wahusika wanne au watano, kila mmoja akiwa na jambo analotaka kutoka kwa mwingine. Usiweke muziki chini yake. Faili liitwe kwa jina lako. Pelekea kwanza redio za Mbeya na Iringa, ambako matangazo ya pembejeo na vipindi vya afya vinahitaji sauti za watu wa huku, kisha studio za Dar es Salaam. Anayetaka kusoma kwa utaratibu aulize Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Kabla ya kurekodi kazi ya malipo, omba karatasi. Mwaka 2018 Mzee Majuto, mchekeshaji mkubwa kuliko wengi tuliowahi kuwa nao, alikuwa mgonjwa kitandani wakati serikali ikiunda kamati ya kuipitia mikataba yake na ya wasanii wengine. Alifariki Agosti mwaka huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua anayeigiza kuwa ana haki katika uigizaji wake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Jisajili BASATA, baraza la sanaa; kwa filamu, uliza Bodi ya Filamu. Kwenye mkataba tafuta mambo haya: sauti itatumika wapi, kwa muda gani, wakiirudia mwakani unalipwa nini, na kama inaruhusiwa kutumiwa na kompyuta kutengeneza maneno ambayo hukuyasema. Hilo la mwisho, kama halimo, liandikwe. Na ikiwa fedha hawaongezi, dai jina. Inasimuliwa kwamba Mel Blanc alinyimwa nyongeza ya mshahara, akaomba jina lake litajwe kwenye katuni, na jina hilo ndilo lililomletea kazi nyingine.