Chora Lunga Lunga Road kwa Mkono wa Behzad

Kamal al-Din Behzad wa Herat, mchoraji wa Kiajemi aliyefariki yapata mwaka 1535, hakuchora wafalme pekee. Katika picha yake ya ujenzi wa kasri la Khavarnaq, ya miaka ya 1490, waliojaa ukurasa ni watu wa mjengo: fundi juu ya jukwaa, kibarua kwenye ngazi, matofali yakipandishwa. Picha hiyo iko British Library, London, nayo ni ndogo kuliko ukurasa wa daftari la shule. Kwa mchoraji wa Lunga Lunga Road, Industrial Area ya Nairobi, sioni mwalimu bora kuliko huyu.

Chagua saa ya asubuhi, vibarua wanapomiminika kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru. Kaa kibandani, agiza chai, chora kwa penseli. Ukitaka kuchora mbele ya geti la kiwanda, mwombe mlinzi ruhusa kwanza.

Karatasi ndiyo kazi kubwa, usiiharakishe. Ipake uji mwembamba wa wanga, iache ikauke, kisha uisugue kwa kijiwe laini mpaka ing'ae. Isipong'aa, brashi itakwaruza na mstari utakatika.

Rangi ya unga ichanganye na maji na gundi ya mgunga, ile inayovunwa Turkana na Isiolo. Jaribu pembeni: ikikauka na kubanduka kama vumbi, ongeza gundi, ikipasuka, umezidisha.

Sasa upangaji. Aliye mbali mweke juu zaidi ukurasani, wala usimpunguze kimo. Vivuli achana navyo. Kwa njia hii mwenye mkokoteni, mama wa chapati na askari wa geti wote wanaonekana sawasawa, hakuna anayefichwa na mwingine. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika sanaa hii.

Anza na ardhi na mabati, fuata nguo, nyuso ziwe mwisho, kwa brashi nyembamba kuliko zote. Wazee wa Uajemi walijitengenezea brashi kwa manyoya ya kindi; wewe nunua namba 00.

Kituo cha sanaa cha GoDown kilifunguliwa mwaka 2003 ndani ya ghala kuukuu, Dunga Road, humu humu Industrial Area, kwa hiyo wachoraji si wageni mtaa huu. Wenye viwanda wana picha zao ofisini. Tafadhali, wachore wanaoingia kwa miguu.