Rovu, Hedhi na Chumvi ya Jikoni

Akina mama, hedhi ikivurugika, mwili ukachoka na kuhisi baridi hata wakati wa joto, msiseme upesi mmerogwa. Pengine ni tezi ya shingo. Tezi hiyo hutengeneza homoni kwa madini joto. Yakipungua hulegea, na huweza kuvimba ikawa rovu. Mjamzito akiyakosa, akili ya mtoto huweza kudumaa tangu tumboni. Hilo ndilo hunitisha zaidi.

Dagaa wa ziwa letu ni chakula bora, lakini madini joto mengi yamo baharini. Chumvi iwe ya Uvinza au ya pwani, hakikisheni imetiwa madini hayo. Ifunikeni, na itieni chakula kikikaribia kuiva. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huidhuru tezi. Ulowekeni siku 3 au zaidi. Mwenye uvimbe aende zahanati apimwe.