Dondoo muhimu: Majina ya watu wa nchi uliyoibuni

Unaandika hadithi ya falme zisizokuwapo duniani? Kabla ya kuunganisha silabi ngeni, sikiliza watu wanavyoitana huko Kidahwe, kijiji cha Waha magharibi mwa Tanzania.

Anza na kanuni, jina litafuata. Kwa Waha, kama kwa Warundi majirani zao, pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na mtoto anayewafuata Chiza. Wasukuma wana Kulwa, Doto na Shija. Huu ni utajiri mkubwa kwa mwandishi: msomaji akishaizoea kanuni, akimkuta Chiza anaishi peke yake atauliza pacha wako wapi. Hapo umepata kisa kizima bila aya ya maelezo.

Usimpe kila mtu jina la ukoo. Watanzania wengi huandika jina lao, la baba, kisha la babu au la ukoo, hivyo jina la mwisho huweza kubadilika kila kizazi. Amua mapema nchi yako itafuata mtindo upi.

Changanya tabaka za majina. Ujiji, mji wa misafara, una majina ya Kiislamu kando ya majina ya Kiha na ya Kimanyema. Mfanyabiashara wa misafara, Hamed bin Muhammed el Murjebi, alibeba jina la baba na la kabila, ila historia inamjua zaidi kwa lakabu, Tippu Tip. Shujaa wako naye apate lakabu, na ujue nani anathubutu kuitamka mbele yake.

Wanawake usiwasahau. Dada wa shujaa akijifungua pacha, majirani wamwite Mama Bukuru. Jina la utotoni libaki kwa wazazi na shoga zake.